Beseni Katikati ya Chumba

Haya niliambiwa na Okuonzi mwenyewe, yule sajini wa upelelezi wa Arua, mwaka aliostaafu, wakati wa mvua nyingi, alipokuwa anapita kwenye baraza langu hapa Oli kungoja mvua ipungue. Mke wake alikuwa amekwisha kufa na watoto wake wako mbali, na nyumbani kwake hakuna wa kumuuliza ameshindaje. Alikuwa anaeleza polepole, na akiruka kitu anarudi kukiokota. Nami nimeyapanga kama alivyoyapanga yeye.

Mwaka wa tisini na sita jalada lililokuwa mkononi mwake lilikuwa la mwanamke mmoja, Paska, mkunga wa Ludara, upande wa Koboko. Alikuwa amefungiwa katika kituo cha Koboko kwa mashtaka ya kuwawekea sumu watoto wachanga. Aliyemshtaki ni jirani yake, Mzee Yugu. Binti wa mzee huyo, Kiden, alikuwa na watoto watatu. Wa kwanza, Celestino, na yule wa mwisho hawakuwa na maneno. Walitembea miguu imekakamaa na mikono imeinuliwa, kama mtu anayevuka mto. Walikuwa wanashikwa na degedege, usingizi wao ulikuwa mdogo, na kutwa nzima walicheka. Hao wawili walipokelewa na Paska. Mtoto wa katikati alizaliwa siku Paska yuko matangani ng'ambo ya mpaka, akapokelewa na mwanamke mwingine. Huyo alikuwa mzima, na mdomo wake haukufungwa.

Okuonzi alisema alipoisikia mara ya kwanza aliona kesi imekwisha. Aliowagusa Paska wameharibika, ambaye hakumgusa ni mzima. Alichukua wembe wa mkunga, uzi wake wa kufungia kitovu na kibuyu chake cha dawa, akavipeleka Kampala kupimwa. Majibu yakarudi: majani ya ukwaju, magadi, hakuna sumu. Alipomsomea Mzee Yugu majibu hayo, mzee alitazama pembeni, akasema, "Kampala wanajua sumu ya Kampala."

Mkubwa wa Okuonzi akamwambia kama hakuna ushahidi, Jumatatu mama huyo aachiliwe. Kwa sheria ilikuwa sawa. Lakini vijana wa ukoo wa Yugu walikuwa wamekwisha kuichoma nyumba ya Paska, na sasa walikuwa wanashinda ng'ambo ya barabara mbele ya kituo, wanacheza karata. Mmoja wao alivuka, akamsalimu askari wa zamu kwa adabu, akamwambia wao wanamngoja tu mama yao atoke.

Kwa hiyo Okuonzi alikuwa na mpaka Jumapili, siku ukoo uliyopanga kukaa baada ya misa. Kumwachilia Paska bila kuonyesha kilichowapata watoto wale ilikuwa ni kumtoa kwa mkono wake auawe.

Alianza upya, kutoka nyumbani kwa Yugu. Kulikuwa na kijana wa mzee, Kamisi, aliyewahi kuwa askari, mwenye watoto wanne katika boma lile lile, na wote wazima. Okuonzi akajiuliza kwa nini. Akauliza maji yanatoka wapi, nani anapika, nani anamchukia Kiden. Maji ya kisima kimoja, chungu kimoja, na Kiden aliishi hapo hapo tangu mume wake amrudishe pamoja na watoto. Akamfikiria mke wa Kamisi. Akamuuliza watoto wake wanne walipokelewa na nani hapa Ludara.

Mke wa Kamisi akacheka. "Hapa? Afande, mama yako alikuzaa kwa wakwe? Mimi nilikwenda kuzaa kwa mama yangu, Maracha. Wote wanne."

Ndiyo desturi ya kule. Binti aliyeolewa anarudi kwa mama yake kuzaa. Kiden alirudi hapa kila mara, na mke wa Kamisi alikwenda kwao kila mara. Maana yake ni kwamba katika nyumba ya Yugu, mikono ya Paska iliwagusa wajukuu waliozaliwa na binti tu, haikuwagusa hata mmoja wa kijana wake. Njia aliyodhani ni mpya ilimrudisha kwa Paska yule yule, na safari hii kamba ilikuwa imekazwa zaidi.

Kabla hajaondoka alikaa kidogo na Kiden. Mama huyo alikuwa anaosha vyombo na Celestino amekaa mbele ya beseni lingine, anapiga maji kwa kiganja na kucheka, anapiga na kucheka. Okuonzi akauliza kama anafanya hivyo kila siku. Kiden akasema ukimnyima maji atayatafuta, mara mbili wamemtoa kisimani. Watu hawaji tena kukaa naye, akasema. Wanapita mbali na ua. Okuonzi akauliza wako mabinti wangapi katika nyumba hii. Kiden akasema yuko peke yake, halafu akageuka kutazama pale alipoketi baba yake.

Asubuhi yake Okuonzi aliwapakia Kiden na Celestino katika pikapu ya polisi, akawapeleka upande wa Ombaci, ambako daktari mmoja, Candia, alikuwa ametoka masomoni Ulaya na alikuwa anatibu siku chache kwa wiki. Candia alikuwa mama mnene, hana haraka. Alimpima mtoto magoti, akamtazama anavyotembea, akamwambia muuguzi alete bakuli la maji. Celestino alipoliona alitupa mikono hewani. Daktari akatikisa kichwa kama mtu aliyekutana na mtu anayemfahamu.

Alimwomba Kiden amsubiri nje, akamwambia Okuonzi kwamba sumu haikai hivi. Huu ni ugonjwa wa kurithi, una jina lake huko nje, na watoto wote wenye ugonjwa huo wanafanana kama wametoka tumbo moja: kicheko, ukimya, miguu, degedege, usingizi mdogo, na maji.

Okuonzi akamuuliza basi kwa nini wazazi ni wazima, mjomba ni mzima, babu ni mzima, watoto wa mjomba ni wazima.

"Wewe ni mtu wa ofisi, muhuri unaujua," Candia akasema. "Mtoto anapokea kila kinasaba mara mbili, kimoja cha mama, kimoja cha baba. Vingi vinafanya kazi vyote viwili. Lakini viko vichache vinavyokuja vimepigwa muhuri, hiki cha mama, hiki cha baba, na mwili unausoma. Hiki cha ugonjwa huu, ndani ya ubongo kile cha baba kimelala. Kinachofanya kazi ni cha mama peke yake."

"Cha mama kikiharibika?"

"Cha baba hakiamki."

 Okuonzi akauliza kama mwanamume anaweza kuwa na kile kilichoharibika.

Daktari akasema anaweza, akakipokea kwa baba yake kikiwa kimelala, asiumwe hata siku moja. Watoto wake pia anawapa kikiwa kimelala, wanakuwa wazima. Lakini binti yake akishakua, mwili wa binti unafuta ule muhuri wa baba na kupiga wake. Sasa kimekuwa cha mama. Akizaa, nusu ya watoto wanaweza kukipata, na nusu wakakosa, kama bahati ya karata. Kijana wa mzee akiwa nacho, anaendelea kuwapa watoto wake kikiwa kimelala. Ndiyo maana kinajificha kwa wanaume, kisha kinatokea kwa watoto wa mabinti.

"Unaweza kukipima?"

"Hapa siwezi. Damu ingekwenda mbali na majibu yangekuja Paska ameshazikwa." Akanawa mikono. "Uliza watu. Tafuta mtoto wa binti mwingine wa nyumba ile, ambaye mkunga wako hakumgusa. Na dada za mzee, uliza walizaa nini."

Okuonzi akarudi Koboko, moja kwa moja mahabusu. Paska alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani. Alikuwa mjane bila mtoto; yeye aliyepokea watoto wa nusu ya Ludara hakuwa na hata mmoja wa kumletea chakula kituoni. Okuonzi akakaa karibu naye, akamuuliza mke wa Yugu alizaa mabinti wangapi.

"Iko wawili," Paska akasema. "Mimi ndiyo nilipokea wote. Kiden, halafu ule mdogo. Mdogo alichukuliwa na dereva Mwislamu wa Arua, akabadilisha dini, wakamwita Medina. Yugu akasema hilo jina lisitajwe kwake."

"Na Yugu ana dada?"

"Alikuwa na moja. Margarita. Bwana yake askari, walikaa kambini Jinja, akazaa huko. Mwaka wa vita akarudi na mtoto. Mimi sikumwona huyo mtoto, sisi tulikimbilia Sudani, wao wakashika njia ya Zaire. Walivyorudi, Margarita hakuwemo." Akanyamaza kidogo. "Afande, ukinitoa hapa, mimi nitakwenda wapi?"



Medina alipatikana mjini Arua, hapa hapa Oli, katika chumba kinachotazama mto, mgongo kwa nyumba za wenzake. Majirani walimfahamu kwa jina na hawakumjua. Alikuwa anauza samaki wakavu mlangoni pake, haendi sokoni, haendi harusini, kukiwa na msiba anatuma salamu kwa mtu. Wengine walisema anaringa. Mume wake alikuwa anaendesha lori upande wa Kongo na hakuwa ameonekana muda mrefu.

Alimkaribisha Okuonzi kwa sababu ni polisi, akampa kigoda. Akasema hana mtoto. Akasema Kiden hamjui vizuri siku hizi. Akasema Paska alimsikia tu kwa mama yake. Majibu yake yote yalikuwa mafupi na jicho lake halikutulia.

Okuonzi alitazama chumba. Kitanda, jiko, gunia la samaki. Katikati ya sakafu, beseni pana limejaa maji, hakuna nguo ndani yake, hakuna sabuni, na udongo kulizunguka umelowa. Nyuma kulikuwa na mlango wa chumba kidogo. Komeo lake lilipigiliwa upande huu, juu kabisa, mahali mtu mfupi hafiki.

Hakuuliza kitu kingine. Aliinama kwenye kigoda chake, akapiga maji ya beseni kwa kiganja, mara moja, kwa nguvu.

Nyuma ya mlango mtoto akacheka.

Medina alijifunika uso kwa mtandio. Okuonzi akangoja. Baadaye yule mama akasimama, akafungua komeo, akatoka msichana wa miaka sita hivi, mikono juu, miguu imekakamaa, akaenda moja kwa moja kwenye beseni. Jina lake Rehema. Alizaliwa hospitali ya Arua, mbele ya wauguzi, kwa sababu baba yake Medina alikuwa ameufunga mlango wa kwao. Mama yake alishafukuzwa na wenye nyumba wawili kwa ajili ya kile kicheko. Mume alivumilia mwanzoni, halafu safari zake zikarefuka. Medina alisema wazi kwamba ni laana ya baba yake, kwa kuwa aliolewa bila ruhusa, na ameipokea.

Okuonzi akamwambia kwamba dada yake ana wawili kama huyu.

 Medina hakuuliza kama ni kweli, wala hakuuliza nani amewafanya hivyo.

"Wanapenda maji?" akasema.

"Mkubwa wamemtoa kisimani mara mbili."

Akaketi chini karibu na mtoto wake. Okuonzi akamweleza habari ya Paska na ya vijana wanaocheza karata. Akamweleza habari ya muhuri, kama alivyoelezwa, kwamba hakuna aliyelaani na hakuna aliyetia sumu. Kisha akamwambia anachotaka: Jumapili, Rehema aonekane Ludara mbele ya ukoo. Medina akasema akitoka na mtoto huyu mlangoni mtaa mzima utajua, na Jumatatu atakuwa anatafuta chumba tena. Na kule anakokwenda, jina lake halitajwi. Okuonzi angeweza kumwandikia wito wa shahidi. Hakumwandikia. Alisema gari litapita asubuhi, akaaga.

Jumapili alipofika, watu wa Oli walikuwa wanatoka kuchota maji. Medina alikuwa amesimama nje, mtoto mgongoni, beseni kichwani. Hakusalimia mtu. Wanawake walisimama na madumu yao wakatazama mpaka gari likaondoka.

Ludara walikuta ukoo umekwisha kukaa uani kwa Yugu, wazee kwenye viti, vijana wameegemea baiskeli. Okuonzi alimtanguliza Medina. Hapakuwa na aliyemsalimia. Kiden alikuwa mlangoni pa jiko na wanawe, akamwona mdogo wake, kisha akamwona aliyeko mgongoni, jinsi mikono ilivyoinuka. Akaja akalipokea beseni, akalijaza maji, akaliweka katikati ya ua. Wale wawili wa Kiden na Rehema wakalizunguka. Walipiga maji kwa mtindo mmoja na kucheka kwa sauti moja, na watu wale waliozoea kupita mbali na ua huo wakawa hawana pa kutazama ila pale.

Okuonzi akasema kwa sauti ya kawaida kwamba mtoto huyu wa Medina amezaliwa Arua hospitalini, na Paska hajawahi kumwona kwa macho.

Kamisi akasema sumu ya Paska inaweza kupanda gari. Vijana wakacheka. Okuonzi akamuuliza Kamisi kama sumu hiyo ilipanda gari mpaka Arua, ilishindwaje kufika Maracha, na Maracha ni karibu zaidi. Mke wa Kamisi akaguna, na vijana wakacheka tena, safari hii si upande wa Kamisi.

Ndipo akamgeukia Mzee Yugu.

"Mzee, mtoto wa Margarita alikuwa mtoto wa namna gani?"

Mzee alikuwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili. Mke wake alikaa chini, bila mtu kumwambia. Okuonzi alisema aliyasikia maji tu.

"Wa namna hii," Yugu akasema.

Akaelekeza fimbo yake kwenye beseni.

"Tulikuwa kwenye matete, karibu na mpaka. Watu wengi, na watoto. Askari wanapita barabarani. Kale kakaanza kucheka. Margarita alikafunga mdomo na kitambaa, kakaendelea kucheka. Mimi nikamwambia dada yangu atoke, aende na mtoto wake, asituue." Akaiteremsha fimbo. "Alitoka. Hakubishana na mimi. Akakabeba, akaingia matete upande mwingine. Sikusikia bunduki. Sikusikia kitu. Kicheko kile sikukisikia tena mpaka Kiden alipozaa."

"Na ukasema ni Paska."

"Kama iko mtu ameifanya," mzee akasema, "basi ni mtu. Si Margarita anayenidai."

Okuonzi akamwambia mbele ya wote alichoelezwa na daktari. Kwamba kitu hiki kilimpitia yeye Yugu kikiwa kimelala, kama kilivyompitia baba yake, na hakukichagua. Margarita hakukichagua, wala Medina. Mzee alisikiliza kichwa chini. Halafu akaomba wino. Alitia dole gumba lake kwenye karatasi ya kuyaondoa mashtaka, akaliangalia dole lile lililochafuka, asilipanguse.

Mzee mmoja wa ukoo alisema waliochoma nyumba ya mkunga ndio watakaokata miti ya kuijenga, kuanzia kesho. Kati ya vijana hakuna aliyeondoka. Gari likatumwa Koboko kumleta Paska. Liliporudi jua lilikuwa linazama, na mwaka ule barabara hiyo haikuwa ya kupitwa gizani, kwa hiyo wote wakabaki. Paska alikwenda kwanza pale palipokuwa nyumba yake, akasimama juu ya majivu. Kiden akamfuata, akamshika mkono, akamleta jikoni kwake na kumtandikia mkeka. Paska alilala kabla chakula hakijaiva. Alikuwa hajalala vizuri tangu akamatwe.

Medina naye alichoka. Alikaa mlangoni kwa dada yake, macho yanajifumba, anayafumbua, kwa sababu Rehema alikuwa bado uani na beseni, na kwa miaka yote yule mtoto alipokuwa macho, mama yake alikuwa macho. Okuonzi alikuwa amejilaza katika pikapu, mlango wazi. Alimwona Mzee Yugu akija taratibu na kigoda, akakaa upande wa pili wa maji. Alimwambia binti yake maneno machache, na katika maneno hayo aliita jina lake, lile jipya. Medina akaingia ndani akalala.

Mtoto akapiga maji. Mzee naye, baada ya kusitasita, akapiga. Kicheko kikapanda juu ya ua, kikaenda mpaka kwa majirani, na hakuna aliyesema kinyamaze. Kiliendelea hivyo, kikapungua, kikawa cha mara moja moja. Mwisho Rehema aliegemea ukingo wa beseni, mkono mmoja ndani ya maji, akalala. Yugu akautoa ule mkono, akaupangusa kwa shati lake, kidole kwa kidole, akamlaza kwenye mkeka. Kisha akajinyoosha chini kando yake, fimbo mbali naye.

Okuonzi alisema alisubiri asikie kitu kingine, maana kazi yake ilikuwa kusubiri. Alisikia pumzi ya mzee ikirefuka. Basi akavuta mlango wa pikapu, akalaza kichwa kwenye kiti, na yeye pia akalala.